Oili Inayotoka

Ukiitazama kwa haraka, kazi ya kubadilisha oili ya gia ya mashine ya boti ni skurubu mbili na robo lita ya oili. Fundi anafungua ya chini, anafungua ya juu, oili kuukuu inashukia kwenye beseni, mpya inatiwa, skurubu zinarudi mahali pake. Haitimizi hata nusu saa. Ndiyo maana wenye boti wengi huona hakuna ufundi hapo, na wengine hawaibadilishi oili hiyo kabisa mpaka siku gia zilie. Mashine ndogo ya boti haina taa wala kengele ya kusema kwamba oili ya gia imeharibika. Injini juu itawaka vizuri, sauti itakuwa ile ile, na huko chini majini meno ya chuma yatakuwa yanasagana ndani ya maji ya chumvi.

Mjambere ni wodi ya Kisauni, bara ya Mombasa, eneo ambalo upande mmoja lina kijito cha Tudor na mikoko yake, na upande wa pili lina bahari kuu na fukwe za Nyali na Bamburi. Wavuvi wa pande zote mbili wana mashine, na wenye boti za vioo wanaopeleka wageni kutazama matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, nao wana mashine. Nyingi ni Yamaha za stroki mbili, nguvu farasi 15 au 40. Zikishikwa na ugonjwa huletwa kwa tuktuk, zimelazwa juu ya magunia. Fundi wa Mjambere ninayemsifu hapa hupokea hata zile zisizo na ugonjwa, na hizo ndizo anazozifurahia.

La kwanza analolifanya humuudhi mteja: hafungui kitu. Anaitundika mashine kwenye kiunzi cha mbao, imesimama wima, na kuiacha.

"Fundi, hii ni oili tu, bwana. Mashine nzima hii."

"Iache ilale. Kesho asubuhi njoo tuifungue pamoja."

Si uvivu. Maji ni mazito kuliko oili. Mashine iliyotoka safarini, kama imeingia maji, imeyakoroga na oili vikawa kitu kimoja. Ikisimama usiku kucha, maji yaliyo huru hushuka chini kabisa, palipo na skurubu ya kumwagia. Basi asubuhi fundi hulegeza skurubu hiyo kidogo tu, bila kuitoa, na kukinga tone la kwanza kwenye kifuniko cheupe. Tone hilo humwambia mengi kuliko yote yatakayofuata. Likiwa maji matupu, sili inayozuia maji imeachia. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na kukorogwa sana. Ikiwa nyeusi lakini inang'aa na haina povu, imezeeka kwa kazi halali. Baada ya hapo ndipo anapofungua ya juu ili hewa iingie, na oili inashuka mfululizo.

Skurubu ya chini, kwenye mashine nyingi, ina sumaku kwenye ncha. Hapo fundi hukaa muda mrefu. Anafuta kilichoganda, anakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Uji laini wa chuma usiochoma ni wa kawaida, hasa kwa mashine mpya. Chembe inayokwaruza ngozi si ya kawaida. Kipande chenye pembe kinamaanisha jino limekatika, na hapo habari ya kubadilisha oili imekwisha, mguu wote, ile sehemu ya chini yenye gia, ufunguliwe.

Inafaa kueleza kilichomo ndani ya mguu huo, maana bila kukijua huwezi kuona kwa nini anakisoma hivyo. Tangu Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alipoanza kuuza mashine zake mwaka 1909, shida ni moja: injini iko juu, shafti inashuka wima, na propela inatakiwa izunguke ikiwa imelala. Nguvu lazima ipinde kona ya mraba, na kona yenyewe iko chini ya maji. Kwenye Yamaha ya 15, gia ndogo ya meno 13 iliyo mwisho wa shafti ya wima inasukuma gia mbili kubwa za meno 27, moja ya mbele na moja ya nyuma. Hizo mbili huzunguka wakati wote injini inapowaka, kila moja upande wake, hata mashine ikiwa huru. Katikati yao kuna kipande cha chuma chenye pembe kinachoteleza huku na huku kwenye shafti ya propela, na nahodha akitia gia, kipande hicho hudaka mojawapo.

Sasa nahodha anayetia gia polepole, akidhani anaionea huruma mashine, ndiye anayeiumiza. Pembe za kipande hicho hugongana na gia mara kadhaa kabla ya kudaka, na kila mgongano unamega ncha. Dawa ni kushusha moto, kisha kutia gia kwa mkono mmoja wa haraka. Fundi akiona chembe ngumu kwenye sumaku huuliza ni nani hushika mashine siku hizi, na mara nyingi jibu ni kijana mpya. Amemtambua bila kumwona.

Halafu huitoa propela, ingawa hakuna aliyemwomba. Nyuma yake, kwenye shafti, mara nyingi kuna mshipi wa nailoni uliojizungusha. Mshipi huo hukaza, hupata joto, huingia ndani na kukata mdomo wa sili. Maji hayahitaji tundu kubwa. Mguu ukifanya kazi hupata joto na hewa ndani hutanuka. Mashine ikizimwa ingali majini, hewa ile hupoa na kunywea, na kama sili imechoka, mguu huvuta maji wenyewe. Kwa hivyo boti inaweza kuingiza maji ikiwa imetia nanga, mvuvi amekaa anangoja samaki. Fundi anaukata mshipi, anafuta shafti, anapaka grisi, anaweka pini mpya.

Kutia oili mpya ndiko kunakowashinda wanaojifanyia. Macho yanasema oili hutiwa juu ikashuka. Ukitia juu, hewa iliyo chini haina pa kupita, tundu la juu litafurika mapema, na utafunga mguu ulio nusu mtupu. Yeye huingiza mrija kwenye tundu la chini na kusukuma taratibu, oili ikipanda na kuifukuza hewa. Tundu la juu hutema mapovu kwanza; anaendelea mpaka itoke oili tupu isiyo na povu. Kisha hufunga ya juu kwanza, mrija ungali umeshika chini, ili hewa isiingie juu kuisukuma oili iporomoke. Ndipo anautoa mrija na kuirudisha skurubu ya chini upesi, na kinachomwagika ni kidogo sana. Washa za skurubu zote mbili ni mpya. Bei yake ni ndogo, na bado kuna wanaorudisha zile zile zilizobonyea.

Kuhusu aina ya oili ana msimamo, na nakubaliana naye. Oili ya injini hapana. Wengi hudhani SAE 90 ya gia ni nzito mara mbili ya SAE 40 ya injini, lakini hivyo ni vipimo viwili tofauti, na uzito wa oili hizo mbili haupishani sana. Tofauti kubwa iko kwenye dawa za salfa na fosforasi zilizomo kwenye oili ya gia, zinazoacha utando juu ya chuma pale meno yanapobanana. Ndizo zinazoipa ile harufu inayokaa mkononi hata baada ya sabuni.

Kitabu cha mashine kinataka oili hiyo ibadilishwe baada ya saa 10 za mwanzo, halafu kila saa 100 au kila miezi 6. Miezi 6 ni rahisi kukumbuka pwani, maana kaskazi na kusi zinapopokezana mtu anajua. Ila hesabu hiyo inamfaa mwenye boti ya wageni inayolala gati msimu wa mvua. Mvuvi anayewasha mashine saa 4 kwa siku anamaliza saa 100 kwa siku 25. Kwa huyo, fundi hutumia mwezi: ukiandama, alete.

Oili chafu haimwagi kwenye mtaro. Huikusanya kwenye jerikeni, na waseremala na wajenzi huja kuichukua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Mwaka 1988 mafuta yaliyomwagika Makupa yaliua mikoko, na Tudor iko ng'ambo tu ya pale.

Mwisho huandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa kofia ya mashine, chini ya tarehe zilizotangulia. Anayenunua mashine kuukuu hapa Kisauni, akiwa mjanja, huinua kofia kabla hajavuta kamba.