Na Asiyesikia, Je?

Katika Warumi 10:17 Mtume Paulo anaeleza imani inakotoka, na Biblia ya Union Version, ambayo wengi wetu twaisoma ibadani, imechagua hapo neno "kusikia". Ni mstari unaopendwa sana katika mikutano ya injili, toka Mbinga mjini hadi Liuli na Lituhi kando ya Ziwa Nyasa. Nasi twasema wazi kwamba umetumiwa vibaya juu ya ndugu zetu viziwi. Hoja huenda hivi: imani huja kwa sikio, huyu sikio lake halifanyi kazi, basi aombewe apone kwanza, mafundisho yatafuata. Wapo ambao mafundisho hayo wameyangoja hadi wameota mvi.

Tuusome mstari huo pamoja na jirani zake. Neno la Kiyunani lililo pale ni akoe. Neno hilo hilo limo katika mstari wa 16, Paulo anapomnukuu Isaya, na huko wafasiri wameliandika "habari". Neno moja katika mistari miwili inayofuatana limepewa Kiswahili cha namna mbili, na huyo wa pili ndiye aliyemfungia kiziwi mlango. Paulo anazungumzia ujumbe uliotumwa na kupokelewa. Hapimi masikio ya mtu. Tena mstari wa 18 anachota maneno kutoka Zaburi ya 19, zaburi inayosema kwamba mbingu huutangaza utukufu wa Mungu pasipo sauti yao kusikika, na bado ujumbe wao hufika miisho ya dunia. Tumesikiliza mahubiri mengi juu ya mstari wa 17. Yaliyokwenda mstari mmoja mbele ni haba.

Kwetu Walutheri jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1520, katika mahubiri yake juu ya Agano Jipya, yaani Misa, Martin Luther aligusia desturi ya baadhi ya watu kuwapa viziwi mkate usiowekwa wakfu, ili waridhike wakidhani wamepokea. Aliita jambo hilo dhihaka. Viziwi nao ni Wakristo, alisema, na wasinyimwe Sakramenti. Leo hakuna anayewadanganya kwa mkate mtupu, lakini sharika zipo ambako kijana kiziwi aliyebatizwa akiwa mchanga hafiki mezani, kwa kuwa hawezi kukariri Katekisimo Ndogo kwa mdomo na hivyo hapati kipaimara. Luther aliiandika Katekisimo hiyo ili ieleweke nyumbani. Sauti ya mkaririji haikuwa sharti lake.

Makanisa yana sifa yake katika habari hii, na haki itendeke kwa kuitaja. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, na mwaka 1981 Kanisa letu likafungua shule ya Mwanga, Kilimanjaro. Kwa watoto wa Mbinga na Nyasa, shule ya karibu ni Ruhuwiko, Songea, zaidi ya kilomita 150 kwa mtoto anayetoka Mbamba Bay.

Ila shule hizo za mwanzo zilirithi kosa la Ulaya. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milan, karibu wote wenye kusikia, waliamua kwamba kiziwi afundishwe kwa matamshi na kusoma midomo, na lugha ya alama iwekwe kando. Uamuzi huo ulisafiri na walimu wa misheni. Watoto walikalishwa wakifundishwa kutamka maneno wasiyoyasikia, na alama zao halisi zikakulia bwenini, usiku, mbali na macho ya mwalimu. Ndiyo maana wachunguzi wa lugha walikuta alama zikitofautiana kufuata shule mtu aliyosoma. Viziwi wenyewe, kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndio waliohangaika kuzikusanya, na kamusi ya alama ikatoka mwaka 1993. Walimu wa dunia waliukana uamuzi wa Milan rasmi mwaka 2010, huko Vancouver. Miaka 130!

Tofauti yake tunaiona kwa Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, aliyefika Ghana mwaka 1957 kama mmisionari. Alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za Afrika mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Alifundisha kwa alama na kuhubiri kwa alama. Kwake shule na kanisa vilikuwa na lugha moja. Hapa kwetu mtoto hupata alama shuleni, akija kanisani likizo anakuta bubujiko la midomo.

Neno "bubu" nalo lichunguzwe. Yule mtu wa Marko 7, Union Version inasema alikuwa na utasi, yaani ulimi mzito, na Kiyunani chasema hivyo hivyo: alisema kwa shida. Habari Njema imemfanya bubu-kiziwi. Viziwi wa Tanzania wamelikubali jina "kiziwi" na kulibandika kwenye chama chao; "bubu" wanalikataa, kwa sababu lugha wanayo. Mvuvi kiziwi wa usipa hupanga kazi na wenzake mtumbwini kwa mikono, na mnunuzi hamdanganyi bei.

Na katika simulizi hiyo wahubiri hukimbilia "Efatha", kelele ya shangwe, safu ya wenye kuombewa. Marko ameandika kwa utaratibu zaidi. Yesu alimtenga faragha, mbali na umati. Akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi kwa mate, akatazama mbinguni, akaugua. Neno lilikuja mwisho. Kabla yake kila kitu kilikuwa cha kuonekana na kuguswa, kwa mtu ambaye bado hakusikia. Anayemwita kiziwi mbele ya mkutano na kumpigia kelele sikioni hajaisoma sura hiyo.

Watoto wa Ruhuwiko hurudi makwao likizo za Juni na Desemba. Wiki hizo zatosha kuanza darasa la kipaimara kwa alama, mwalimu akiwa kiziwi aliyemaliza shule na mchungaji akikaa benchi moja na wanafunzi, akijifunza kwanza alama ya "neema". Mtihani na ufanywe kwa mikono, mbele ya washarika wote.