Uwanja wa MacKenzie na Hadithi ya Bibi

Nikiri mapema: sijawahi kushika fimbo ya gofu. Huku kwetu Mahongole uwanja ni wa mpira, na ng'ombe wanakatiza. Lakini The Spirit of St. Andrews ya Alister MacKenzie nimeisoma mara mbili.

MacKenzie alikuwa daktari Mwingereza mwenye asili ya Uskoti, akaacha tiba akawa mbunifu wa viwanja vya gofu. Cypress Point kule California ni kazi yake. Augusta National aliibuni pamoja na Bobby Jones. Alifariki 1934, mswada wake ukaja kuchapishwa 1995.

Kitabu kina kasoro. Kanuni za kitabu chake cha 1920 zinarudi tena, na ana ubishi wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Ila wazo lake kuu limenikaa: ficha mkono. Katika Vita vya Makaburu aliona wapiganaji wale walivyojificha kwa kuiga ardhi yenyewe. Basi naye akataka kilima cha kuchongwa kisitofautike na cha asili, na uwanja umpe raha bingwa na hata yule asiyejua kupiga. Kwangu hilo ni somo la uandishi kabisa.

Hapo hapo ndipo ninapogombana naye. Mkono uliofichwa vizuri ni rahisi kufutwa: anayekuja baadaye anaona nyasi tu, anaita greda. Augusta imebadilishwa mara nyingi mno. Ndiyo maana wanaofufua viwanja vya zamani siku hizi huanza na picha za kale, wakitafuta kingo za mashimo ya mchanga yaliyofukiwa. Wengine husuka upya, kama Peter Matkovich wa Afrika Kusini alivyofanya Muthaiga, Nairobi. Kufufua na kusuka upya ni kazi mbili tofauti, na ni vyema kusema wazi unafanya ipi.

Mimi sikusema. Bibi alinisimulia hadithi kwa Kibena. Nikaiandika kwa Kiswahili fasaha, nikakata marudio, nikanyoosha kila kona. Nilipomsomea, akauliza, "Hii ya nani, mjukuu wangu?"

Nilicheka tu. Bibi hayupo tena. Nimebaki na daftari lile la kwanza, lenye marudio yake yote, na sasa nafukua polepole. Greda nimeliweka pembeni.