Ua la Karatasini na Ua la Ziwani: Maoni juu ya Uchoraji wa Gugumaji

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: mchoraji wa ua huchora nini hasa? Yumkini msomaji ataona kwamba swali hili lawahusu walimu wa sanaa na wa botania, wala si wanaisimu na wahakiki wa fasihi. Kwa maoni yetu, mchoraji na mtunga kamusi wana kazi moja. Wote wawili hukikabili kitu kilicho hai, huchagua sifa zake chache, na zile nyingine huziacha nje ya ukurasa. Uhakiki hauna budi kuuliza ni nini kilichoachwa, na kwa nini.

Mfano mashuhuri nchini Kenya ni Joy Adamson (1910-1980). Alijizoeza kuchora mimea alipokuwa akisafiri na mume wake wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1947 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Ustadi wake wa rangi hauna shaka. Hata hivyo, aghalabu ua lake husimama peke yake katika weupe wa karatasi. Weupe huo ni kanuni ya sayansi, nayo ina manufaa: humwezesha mtazamaji kulinganisha ua na ua bila kuchanganywa na majani ya jirani. Lakini weupe huo pia ni kimya. Hausemi ua limeota wapi, wala limemfaa nani au kumdhuru nani.

Sasa na tulitazame ua moja la Homa Bay na Migori ambalo Adamson hakuwahi kulikuta ziwani humu, nalo ni gugumaji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, likizizuia mashua katika fukwe za Kendu Bay na Homa Bay. Muhuru na Karungu, zilizo nje ya ghuba na kuelekea ziwa wazi, hazikufungwa kwa kiasi hicho.

Mchoraji aketiye gatini hukabiliwa na tatizo la wakati kwanza. Ua hili hudumu siku moja au mbili tu, kisha kikonyo huinama. Kwa hiyo hana budi kuishika rangi kabla ya kuchora mistari: urujuani hafifu, na katika petali ya juu doa la manjano lililozungukwa na buluu. Akikomea hapo, atapata picha ya kupendeza, na picha hiyo itakuwa ya uongo, ingawa kila rangi yake ni sahihi. Mvuvi aliyekesha mashua yake ikiwa imenaswa hataitambua.

Huenda tukajibiwa kwamba dawa ni kuchora mashua na mvuvi nyuma ya ua. Hatukubaliani na rai hiyo, kwani huko ni kuhubiri. Dawa imo katika mmea wenyewe. Mchoraji na aendelee kushuka chini ya ua: achore kikonyo cha jani kilichovimba na kujaa hewa, ambacho huuwezesha mmea kuelea, achore tawi litambaalo ambalo huzaa mche mwingine, achore mizizi myeusi iliyoning'inia majini. Hapo msiba wote wa ghuba utaonekana bila ya neno moja la lawama. Sehemu zisizo nzuri ndizo zenye maelezo.

Lugha yetu ilifanya kosa lililo kinyume cha hilo. Jina gugumaji ni hukumu: limetaja gugu na maji, likalisahau ua. Yungiyungi, jirani yake wa tangu zamani, lina jina lisilolaumu wala kusifu. Basi picha huificha hatia, na jina huuficha uzuri. Kila kimoja chahitaji kusahihishwa na mwenziwe.

Jambo hili linatugusa madarasani. Wanafunzi watokao Mbita na Karungu, wanapotunga mashairi, humfananisha mpenzi na waridi au asumini. Mshairi wa Lamu aliitaja asumini kwa kuwa aliinusa. Mwanafunzi wetu huitaja kwa kuwa ameisoma. Hatusemi aache urithi wa pwani, wala kubadilisha asumini kwa gugumaji hakutoshi. Twasema aketi mbele ya ua la kwao kama mchoraji aketivyo, alitazame kutoka petali hadi mzizi, ndipo aandike. Nazo kamusi zetu, ambazo mara nyingi hutosheka kusema kwamba kitu fulani ni aina ya ua, zingefaidika kwa zoezi hilohilo.