Kona Haijui cc

Pikipiki kubwa ya mbio ni ile yenye injini ya karibu cc 1000, yaani lita nzima ya nafasi ndani ya silinda zake. Ya uzito wa kati huanzia kwenye cc 600 na kuishia kwenye 800 hivi. Kwa macho, mbili hizi ni ndugu wa tumbo moja: gamba la plastiki mbele, mishikio mifupi iliyoinama, kiti kilichoinuliwa, tairi pana nyuma. Hata zikipandishwa kwenye mizani hazipishani sana. Zinapopishana ni kwenye nguvu, na nguvu ndiyo inayoamua ni kazi kiasi gani anaachiwa mwendeshaji. Anayehama kutoka kubwa kwenda ya kati huonwa na wengi kuwa ameshuka daraja. Lakini huko anakokwenda anaikuta kazi ambayo kwa miaka injini ilikuwa ikimfanyia, na kazi hiyo ni ya mkono, jicho na sikio.

Historia ya pikipiki kubwa yenyewe ina jambo la kusema hapa. Mwaka 1992 Honda walitoa CBR900RR Fireblade, kazi iliyosimamiwa na mhandisi Tadao Baba. Ilikuwa na cc 893 na kilo 185 ikiwa kavu, karibu sawa na pikipiki za cc 600 za wakati ule, ilhali washindani wake wa cc 1000 na zaidi waliizidi kwa makumi ya kilo. Baba alitanguliza wepesi, nguvu zikafuata. Basi pikipiki iliyogeuza mambo ilikuwa kubwa iliyokubali kuiga umbile la ndogo. Baada ya hapo yakaja mashindano ya nguvu. Yamaha R1 ya mwaka 1998 ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 150, na leo kubwa kadhaa zinapita 200. Bodaboda ya cc 150 inayopanda mlima na abiria na gunia la viazi ina kama farasi 12.

Nguvu za farasi 200 hazina pa kutumika barabarani. Gia ya kwanza peke yake inaweza kupita kilomita 140 kwa saa, kwa hiyo mipaka ya mwendo barabarani karibu yote imeshavunjwa kabla mguu wa kushoto haujagusa gia ya pili. Ndiyo maana watengenezaji wamelazimika kuweka kompyuta kati ya mkono na tairi. R1 ya mwaka 2015 ilikuja na kifaa kinachopima jinsi pikipiki inavyolala, inavyoinama na inavyogeuka, ili umeme upunguze nguvu pale tairi linapotaka kuteleza. Vifaa hivi vimeokoa maisha ya watu na vinastahili heshima. Hata hivyo mwendeshaji akivuta mafuta mpaka mwisho katikati ya kona, hapati alichoomba, anapata kile ambacho kompyuta imeona anaweza kupewa. Mkono umepata mkalimani, na mwenye mkalimani huchelewa kujifunza lugha.

Kona, kwa upande wake, haiulizi ukubwa wa injini. Pikipiki inayopita kona yenye nusu kipenyo cha mita 80 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa lazima ilale kiasi cha nyuzi 45. Iwe na kilo 180 au 220, iwe na farasi 70 au 200, hesabu ni ileile, kwa sababu uzani unaoivuta nje ya kona ndio huohuo unaoikandamiza barabarani. Kinachobadilisha hesabu kidogo ni upana wa tairi. Tairi pana likilala, sehemu yake inayogusa lami husogea mbali zaidi na mstari wa katikati, na hivyo pikipiki yenye tairi la milimita 190 au 200 hudai ilazwe zaidi kuliko yenye 160 au 180 kwa mwendo uleule. Tena vyuma vizito vinavyozunguka ndani ya injini kubwa hukataa kulazwa haraka. Ya kati huitika mara moja: mshikio wa ndani ukisukumwa kidogo tu, pikipiki imeshalala.

Juu ya pikipiki kubwa, kona hugeuka kuwa pengo kati ya mistari miwili iliyonyooka. Mwendeshaji hufika na kasi nyingi, hufunga breki kwa nguvu, huigeuza pikipiki karibu mahali pamoja, huisimamisha mapema, kisha hufungua mafuta. Njia yake ina umbo la herufi V. Kosa la katikati halimgharimu, kwa sababu aliyeingia polepole mno atafidiwa na injini kabla ya kona inayofuata. Gharama yake iko kwenye breki: anayefika na kilomita 200 kwa saa badala ya 160 hubeba nishati zaidi ya mara moja na nusu, na karibu yote inamezwa na breki katika umbali mfupi.

Juu ya pikipiki ya kati njia huwa na umbo la U, na kasi iliyoingizwa ndani ya kona ndiyo mtaji wa kutokea. Mkono wa kulia ukitazamwa kwa karibu, ustadi wote uko pale. Vidole viwili vimelala juu ya breki. Pikipiki inapoanza kulala, vidole havibanduki ghafla. Hulegea kadiri mlalo unavyoongezeka, kama baharia anayelegeza demani, inchi kwa inchi, mpaka breki iishe pale pikipiki inapokaribia kabisa upande wa ndani wa kona. Hapo kiganja kinakuwa kimeshaanza kufungua mafuta, kidogo sana, kiasi cha kulitunza tairi la nyuma lisilegee wala kusukumwa. Macho yameshaondoka hapo, yanatafuta mwisho wa kona. Goti la nje limebana tangi ili mikono isiwe na kazi ya kumshikilia mtu. Yote haya huchukua sekunde mbili au tatu, na hakuna hata moja linalonunuliwa dukani.

Miezi ya kwanza ni migumu kwa aliyezoea kubwa. Anatoka kwenye kona, anafungua mafuta, na kinachomjibu ni kama ukimya. Kosa liko kwenye gia. Injini ya cc 1000 husamehe gia yoyote, lakini ya 600 ina mahali pake pa kuimba. Yamaha R6 iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2006 ina pistoni yenye kipenyo cha milimita 67 inayosafiri milimita 42.5 tu. Safari fupi kama hiyo inairuhusu injini kupita mizunguko 14,000 kwa dakika, na nguvu zake nyingi ziko huko juu. Chini ya 8,000 ni pikipiki ya upole. Kwa hiyo gia hushushwa kabla ya kona, mara mbili, hata mara tatu, huku resi ikipigwa kidogo kila mara ili tairi la nyuma lisishtuke. Sikio hujifunza kusoma injini bila jicho kuangalia saa.

Kosa la pili ni la breki, na hili huchelewa kutoka. Mkono uliozoea kufunga kwa nguvu huua kasi ambayo injini ndogo haiwezi kuirudisha upesi. Mwendeshaji analazimika kujiuliza, kona baada ya kona, kama kweli alihitaji kufunga kiasi kile. Mara nyingi jibu ni hapana, na kulikubali huhitaji moyo zaidi kuliko kufungua mafuta kwenye mstari ulionyooka.

Si zote za kati zenye tabia moja. Yamaha walipoacha kuiuza R6 kwa matumizi ya barabarani huko Ulaya baada ya mwaka 2020, kwa sababu ya kanuni mpya za moshi, walileta R7 ya silinda mbili, cc 689, farasi 73. Hii haingoji mizunguko mingi, husukuma vizuri zaidi kwenye 6,500. Ilipotoka mwaka 2021 haikuwa hata na mfumo wa kuzuia tairi kuteleza kwa nguvu za injini. Mkono wa mtu ndio uliobeba dhamana hiyo, na kwa shule ya mkono hakuna darasa bora.

Anayedhani haya ni maneno ya kujifariji aangalie kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland. Mashindano ya TT hukimbiwa huko kwenye barabara za kawaida, kati ya kuta za mawe na milango ya nyumba za watu, mzunguko mmoja ukiwa na kilomita 60.7 na kona zaidi ya 200. Mwaka 2023 Peter Hickman aliuzunguka kwa BMW ya cc 1000 kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa. Katika mashindano hayohayo Michael Dunlop, juu ya Yamaha ya cc 599, alifikia wastani wa karibu 210. Injini yake ilikuwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu za ile nyingine, lakini kwa mzunguko mzima tofauti yao haikufika dakika moja.

Ya kati ina upungufu wake. Kulipita lori refu barabara kuu kunataka hesabu na gia mbili chini, mahali ambapo kubwa ingepita kwa kukunja kifundo cha mkono tu. Abiria wa nyuma huilemea. Baadhi huuzwa na shokamzoba za bei nafuu zinazohitaji kubadilishwa mapema. Na zile za silinda nne huumiza mgongo na viganja sawa na ndugu zao wakubwa.

Tofauti kati ya maisha hayo mawili husomeka kwenye tairi la nyuma linapofika kwa fundi. La pikipiki kubwa ya barabarani mara nyingi limekuwa bapa katikati, mpira umeliwa na mistari iliyonyooka, huku kingo zake zikiwa bado na vinyweleo vya kiwandani. La mwendeshaji aliyehama, baada ya mwaka mmoja wa barabara za kona, limelika pande zote hadi karibu na ukingo. Fundi akilipitishia kiganja kutoka upande hadi upande, bado ni duara.