Jiwe Linalochongwa Likiwa Bichi

Dirishani kwangu Upanga naona ghorofa likipanda. Asubuhi matofali ya saruji yanashushwa, jioni ukuta umesimama. Siilaumu kasi hiyo. Watu wanahitaji pa kuishi. Ila kila nikiutazama ukuta ule, moyo hunipeleka Kilwa Kisiwani, juu ya genge linaloitazama bahari, kwenye magofu ya Husuni Kubwa.

Kasri hilo ni la mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua, ngazi za kuteremkia pwani na birika la kuogea la pembe nane, pembe ambazo hata leo waweza kuzihesabu. Masultani wamekwishasifiwa vya kutosha. Mimi nawasifu waashi.

Walikuwa na mawe ya aina mbili. La kuta lilichimbwa nchi kavu, likashikishwa kwa chokaa. La miimo ya milango na nakshi lilikuwa tumbawe hai, lililokatwa baharini. Likitoka majini ni laini, patasi inapita bila kugombana nalo. Likishapigwa na upepo na jua, linakuwa gumu. Kwa hiyo fundi ilimbidi aje na ua la nakshi kichwani, limekamilika hadi jani la mwisho. Akisitasita, jiwe limemwahi.

Chokaa nayo haikutaka haraka. Magogo yalipangwa, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa, na unga mweupe uliobaki ukaachwa uive kwa miezi. Hata upana wa chumba uliamuliwa na mti: boriti ya mkandaa inapoishia, hapo ndipo ukuta unaposimama. Ndiyo sababu vyumba vya Husuni ni virefu na vyembamba. Hakuna aliyeandika majina ya mafundi hao.

Magofu ya Kilwa yako katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, lakini jiwe halilindwi na orodha. Saruji ikipakwa juu ya tumbawe hufungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta huanza kumeguka. Enyi mnaokarabati nyumba za kale, Kilwa, Bagamoyo au Unguja, watafuteni mafundi wa chokaa wangali hai, muwape kazi, na muwape vijana wa kuwafundisha.