Picha za Mo Amin, Sauti ya Nani?

Sifa Mohamed Amin anazo, na amezichuma mwenyewe. Mzaliwa wa Nairobi, 1943. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam, na mwaka uliofuata akawa Zanzibar na kamera yake wakati wa mapinduzi. Mwaka 1991 bohari la silaha lililipuka Addis Ababa: mkono wa kushoto ukaenda, na John Mathai, mwenzake wa sauti, akafa. Akafungwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Ushujaa wake mimi siuhoji.

Ninachohoji ni kazi yake inayotajwa kuliko zote: ripoti ya njaa ya Korem, Ethiopia, iliyorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Picha za Amin, maneno ya Michael Buerk.

Hebu itazame, hata kwa simu. Kamera haina pupa. Inapita polepole juu ya watu waliojifunika mashuka alfajiri, inasimama usoni, inangoja. Ndiyo maana dunia ilishtuka, na Julai 1985 ikafuata Live Aid. Sasa usiangalie, sikiliza tu. Utamsikia Buerk, utamsikia daktari mgeni. Wenye njaa yao kimya. Hakuna anayeulizwa ametoka kijiji gani, wala nini kilimtoa huko. Njaa inaletwa kama kiama kilichoshuka na ukame. Vita na serikali ya Mengistu havikupewa uzito wake.

Sisi watu wa Jego jambo hili twalijua. Mto Umba ukifurika, kamera huja. Humpiga mama aliye na maji kiunoni, mtoto begani, godoro kichwani. Picha nzuri, usiseme! Kisha kipaza sauti hupewa mkubwa aliyeshuka garini. Yule mama haulizwi hata jina, ilhali ndiye ajuaye maji yaliingia saa ngapi na kama kuna aliyewaonya.

Utaniambia: Amin alikuwa mpiga picha, maneno si yake. Nusu ni kweli. Lakini huyu ndiye aliyefungwa Zanzibar mwaka 1966, kwa picha ambazo wakubwa hawakutaka zitoke nje. Alijua vizuri kwamba picha yaweza kushitaki. Za Korem zililiza watu, zikachangisha fedha, zikaokoa roho nyingi. Hilo si dogo. Ila huruma hulisha mtu, haimuulizi nani aliyemnyima.

Amin alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini Ngazija, katika bahari hii hii yetu. Vijana wa Kwale wanaoshika kamera leo wajifunze kwake ule utulivu. Halafu waongeze alichokiacha: wamsogezee kipaza sauti aliyesimama majini, na wasimkate akianza kutaja watu.