Baxter Hakupewa Kichwa Chake: Ugonjwa wa Huntington katika Saturday

Kuna riwaya unazipenda huku ukigombana nazo. Kwangu mojawapo ni Saturday ya Ian McEwan, iliyotoka mwaka 2005. Yote inapita ndani ya siku moja, Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2003, watu walipofurika barabara za London kupinga vita vya Iraki. Henry Perowne, daktari wa upasuaji wa ubongo, gari lake linakwaruzana na la kijana mkorofi aitwaye Baxter. Karibu apigwe, Perowne anamsoma kwa macho: mikono haitulii, kichwa kinatikisika, macho yanashindwa kuhama upesi kutoka kitu kimoja hadi kingine. Anamwambia palepale kwamba ana ugonjwa wa baba yake.

Ugonjwa wenyewe ni Huntington. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993 kwenye kromosomu ya nne: herufi tatu, CAG, zinazojirudia kupita kiasi. Zikijirudia mara 40 au zaidi, ugonjwa utakuja tu, mtu akijaliwa umri. Perowne anaijua hesabu hiyo vizuri, na kwake Baxter ni hesabu iliyokwisha pigwa.

Hapo ndipo ninapogoma. Jeni ni moja, sawa, lakini ubongo si swichi ya taa. Huntington huanza kuua seli za striatamu, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, ambayo ni kama njia panda: inapokea habari kutoka karibu gamba lote la ubongo, kisha habari hizo zinazunguka kurudi huko. Upo mzunguko wa mwendo, upo wa kupanga mambo, upo wa hisia. Njia panda ikiharibika haukwami mtaa mmoja. Ndiyo maana mgonjwa huyohuyo mikono inamcheza, mipango inamvurugika na hasira zinampanda ghafla. Picha za MRI za watu waliorithi jeni zimeonyesha nyuzi za kuunganisha sehemu za ubongo zikipungua, na mawasiliano yakibadilika, miaka mingi kabla daktari hajaona dalili. Kwingine mawasiliano huongezeka, na wapo watafiti wanaosema ni ubongo unajaribu kuziba pengo.

Sasa tazama tukio kubwa la riwaya. Jioni Baxter anavamia nyumba ya Perowne na kisu. Anamlazimisha binti wa daktari, Daisy, avue nguo, kisha asome shairi. Daisy anaghani kwa kichwa Dover Beach la Matthew Arnold. Baxter anageuka mtu mwingine: hasira inamtoka, anataka lirudiwe. Perowne analo jibu la kidaktari: ni hisia zinazoyumba, dalili tu. Hajakosea, lakini haitoshi. Katika ubongo ambao njia zake zinachakaa, shairi limepata pa kupita. Kwa dakika hizo Baxter ni msikilizaji, tena kumshinda Perowne, anayedhani shairi ni la bintiye!

Tatizo ni kwamba hatuambiwi lilipita wapi. Masimulizi yamekaa kichwani mwa Perowne mwanzo hadi mwisho. Baxter anasukumwa kwenye ngazi, anaumia kichwa, na Perowne huyohuyo anamfungua fuvu kumwokoa. Ubongo wake tunauona, mawazo yake hatuyasikii. Msomaji aliyerithi jeni hiyo atakuta humu hukumu yake tu.

Ukimaliza, tafuta Mapping Fate ya Alice Wexler, kumbukumbu za mwaka 1995. Mama yake alikuwa na Huntington, na dada yake Nancy aliongoza utafiti kwa familia za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, uliosaidia kuipata jeni. Humo mtu aliye hatarini ndiye anayesema: kimya cha nyumbani, miaka ya kusubiri, swali la kupima au kutopima. Kwa sentensi, McEwan anamshinda mbali. Lakini Wexler amekiandika kile ambacho Perowne, pamoja na vifaa vyake vyote, hakuuliza: kuishi na jeni hiyo kunakuwaje kwa mwenyewe?